Soli za viatu vya mbio zilizompokonya bingwa ushindi

Soli ya kiatu cha kisasa cha mbio ni sponji ya plastiki iliyoumuliwa kwa joto ndani ya kalibu, kisha ikabandikwa chini ya kitambaa chepesi kilichofumwa kwa nyuzi. Mguu unapotua, sponji hubonyea na kumrejeshea mkimbiaji sehemu ya nguvu zake. Ndiyo sababu Shirikisho la Riadha Duniani, mwaka 2020, liliweka kikomo cha unene: milimita 40 kwa mbio za barabarani.

Septemba 2021, Derara Hurisa wa Ethiopia alimaliza wa kwanza katika marathon ya Vienna, lakini akaenguliwa. Soli zake zilikuwa na unene wa milimita 50. Ushindi akapewa Mkenya Leonard Langat, aliyefika sekunde 3 baadaye.