Majalada ya Mahakama za Kadhi kama Chemchemi ya Historia ya Nathari ya Kiswahili

Wachunguzi wa Kiswahili wamezoea kuitafuta historia ya lugha hii katika tenzi. Mazoea hayo yana sababu yake. Utenzi wa Herekali, ulioandikwa Pate mwaka 1728, umetufikia, na baada yake tungo nyingi nyingine, ilhali nathari ya zamani ni haba. C. G. Büttner alipochapisha mkusanyo wake wa maandishi ya Kiswahili mwaka 1892, ilidhihirika kwamba watu wa pwani walikuwa wakiandika barua zao na shughuli zao kwa hati za Kiarabu bila ya kumsubiri mmisionari awafundishe. Hata hivyo mtunzi wa utenzi huchagua neno kwa kulazimishwa na vina na mizani, na mwandishi wa barua hufuata desturi ya salamu na heshima. Makala hii yakusudia kuelekeza macho upande mwingine, kwenye majalada ya Mahakama za Kadhi za pwani ya Kenya: yaliko, namna ya kuyafikia, na hadhari anayopaswa kuwa nayo msomaji wake.

Hapana budi kuanza na mfumo wenyewe, kwa kuwa anayekwenda kutafuta jalada pasipo kujua lilifunguliwa na mahakama ipi atapoteza siku zake bure. Kwa mkataba wa tarehe 14 Desemba 1895, Sultani wa Unguja alibaki na enzi yake juu ya ukanda wa pwani wa maili kumi, nao Waingereza wakautawala. Kanuni za mwaka 1897 zilizitambua mahakama tatu za Waislamu: ya Liwali, ya Kadhi na ya Mudir. Kadhi ndiye aliyekuwa na mambo ya ndoa, talaka, mirathi na wakfu. Liwali na Mudir, waliokuwa pia watawala, waliamua madai mengine na makosa madogo madogo. Uhuru ulipokaribia, makubaliano ya Oktoba 1963 yaliyohusu ukanda huo yaliahidi kwamba Makadhi watabaki. Sheria za mwaka 1967 zikazifuta mahakama za Liwali na Mudir na kuzipa zile za Kadhi sura mpya, na Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 170, ikaendelea kuzitambua. Kwa hiyo kesi ya deni la miaka ya 1920 haitapatikana kwa Kadhi, hata kama wenye kudaiana wote walikuwa Waislamu wa mtaa mmoja wa Mji wa Kale.

Tangu kuundwa kwa serikali za kaunti mwaka 2013, wako wanafunzi wanaodhani kwamba kumbukumbu za mahakama ya mahali zimo mikononi mwa kaunti. Sivyo. Mahakama haikugatuliwa, jalada ni mali ya Idara ya Mahakama, nalo huombwa kwenye masjala ya mahakama husika kwa barua, baada ya mtafiti kupata kibali chake cha utafiti cha kitaifa. Likiwa limekwisha kuhamishwa, hutafutwa katika Nyaraka za Taifa, idara iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, ambayo makao yake yako Nairobi na ambayo ina kituo Mombasa. Anayeomba na ataje aina ya shauri, mahali, na mwaka. Karani wa masjala hana faharasa ya maneno ya kilugha, wala hataelewa ombi la mtu anayetaka “Kiswahili cha zamani”.

Zipo njia mbili za kuzunguka ambazo hazitumiwi vya kutosha. Ya kwanza ni rufani. Shauri lililotoka kwa Kadhi hupelekwa Mahakama Kuu, na huko maneno ya mashahidi hutafsiriwa kwa Kiingereza. Mtafiti akilipata jalada la asili pamoja na lile la rufani, ana mbele yake matini mbili za jambo moja, na aweza kuona ni nini kilichopotea njiani. Shauri moja la wakfu kutoka Mombasa lilifika hadi Privy Council mjini London na kuamuliwa mwaka 1951. Safari kama hiyo huacha karatasi katika kila kituo. Njia ya pili ni madaftari ya ardhi. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye mashamba ya pwani walete madai yao, na walioitika walileta hati za kununua, za rehani na za mirathi. Frederick Cooper aliyatumia madaftari ya Mombasa na Malindi katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu utumwa wa mashambani. Yeye ni mwanahistoria, akahesabu minazi, bei na wenye mali. Sisi wa lugha hatujayapitia hayo hayo kwa maswali yetu.

Haraka inatakiwa. Sheria ya Kenya inaruhusu majalada ya mahakama yaliyokwisha muda kuondolewa na kuharibiwa, na aghalabu anayeamua kipi kina thamani huitazama hukumu, wala hautazami ushahidi. Kwa mwanasheria jalada la talaka la miaka sitini iliyopita limekufa. Kwa mwanaisimu ndipo linapozaliwa. Mchwa na chumvi ya bahari navyo havingoji kibali.

Sasa tuje kwenye kusoma. Maandishi ya awali yamo katika Kiarabu, au katika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na hati hizo katika mazoea yake ya kale hazikumtofautishia msomaji sawasawa baina ya “e” na “i”, wala baina ya “o” na “u”. Msomaji asiyeijua lahaja ya karani atajaza irabu za Kiswahili sanifu pasipokuwa nazo. Mwandishi wa Mombasa asemaye “ndoo” huku sisi tukisema “njoo” atahesabiwa kuwa amekosea, kumbe aliandika kama anavyosema. Tarehe nazo zina mtego wake. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi, na siku yake huanza jua linapokuchwa. “Usiku wa Ijumaa” katika ushahidi wa shahidi mzee ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani ule ambao kalenda ya ofisini huuita Alhamisi. Katika shauri la eda, usiku mmoja waweza kuamua nasaba ya mtoto.

Lililo kubwa kuliko hayo ni hili: jalada si sauti. Susan Hirsch, aliyekaa katika Mahakama za Kadhi za Malindi na Mombasa katika miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1998, alionyesha kwamba wanawake walioleta mashauri walisimulia. Walikuwa na mwanzo, maudhi, na maneno ya waume zao waliyoyarudia. Atakayelinganisha usimulizi wa namna hiyo na jalada atatambua mara moja kazi ya kalamu. Tuseme mke ameeleza kwa nusu saa jinsi alivyoachwa bila unga wala mafuta; karani huandika kwamba mdai adai nafaka ya miezi mitatu. Istilahi imemeza kisa. Wako wenzetu wanaoliona hilo kuwa kasoro inayoyaondolea majalada thamani. Mimi sikubaliani nao. Kumeza huko ndiko kuzaliwa kwa nathari ya kiofisi, na yafaa tuufuatilie: lini “mdai” na “mdaiwa” yalipotengana na “mshitaki” na “mshitakiwa”, “bei khiyari”, ule uuzaji wenye sharti la kukomboa ambao wafanyabiashara waliutumia kuizunguka riba, ulianza wapi kuchanganywa na “rehani”, na je, makarani wa Mombasa waliitii tahajia ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, au waliendelea na Kimvita chao? Swali la mwisho halijibiwi kwa vitabu vya shule. Laweza kujibiwa kwa majalada, kwa kulinganisha muongo na muongo katika mahakama moja.

Lakini watu wamo ndani ya karatasi hizi, na wajukuu wao ni jirani zetu. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na hata baada ya hapo palikuwa na madai ya mirathi yaliyotegemea uhusiano wa bwana na mahuru wake, kwa kuwa fiqhi humpa aliyemwacha mtu huru haki ya kumrithi asipokuwa na jamaa. Jalada la namna hiyo hutaja kwa jina bibi wa mtu ambaye leo anahesabiwa, naye ajihesabu, kuwa wa ukoo mwingine. Katika miji kama Lamu neno hilo bado lavunja posa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inawahusu walio hai. Haimsemei bibi aliyefariki. Mtafiti atoe mwaka, mahali na aina ya shauri, na majina ayaache mahakamani. Nakala aliyoipiga aikabidhi Nyaraka za Taifa pamoja na maelezo ya hati na lahaja iliyotumika, ili atakayemfuata asianze tena kwenye mlango wa masjala.