Walokole na deni la kila wiki

Neno “mlokole” Waswahili wamelipata kwa Waganda. Kwa Kiganda, okulokoka ni kuokoka, na mulokole ni mtu aliyeokoka. Zamani lilitamkwa kwa kejeli. Walibandikwa jina hilo waumini ambao wenzao kanisani waliwaona wamezidi: wanaungama dhambi hadharani, wanaimba hadi usiku wa manane, wanamrudishia tajiri vitu alivyokuwa hata hajui kama ameibiwa.

Chimbuko lao ni Gahini, mashariki mwa Rwanda, kwenye kilima kinachotazama ziwa Muhazi. Waanglikana walikuwa na hospitali ya misheni hapo, na daktari Mwingereza, Joe Church, alifika mwaka 1928, njaa kubwa ikiikaribia nchi. Septemba 1929, akiwa hoi mwili na roho, alisafiri hadi Kampala. Huko Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye kiu ya kiroho kama yake. Wakakaa siku mbili, Biblia mikononi, wakisoma na kuomba. Mzungu na Mwafrika kuketi sawa kwa sawa, kila mmoja akimfunulia mwenzake upungufu wake, halikuwa jambo la kawaida enzi zile za ukoloni.

Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda kufundisha Gahini akawa miongoni mwa sauti kuu za Uamsho, kama harakati hiyo ilivyoitwa. Alifariki Januari 1936, lakini habari ilikuwa imeshatoka. Ilivuka hadi Kigezi, Buganda, Burundi na Bukoba, na mwaka 1937 ikafika Kabete, Kenya.

Msisimko peke yake usingewafikisha mbali. Kilichowashikilia ni ushirika, kikao cha kila wiki cha ndugu, chini ya mti au sebuleni kwa mmoja wao. Mtu husimama, husema “Bwana asifiwe”, hutaja alivyookoka, kisha hufika kwenye sehemu ngumu: wiki hii imekwendaje? Amemfokea mkewe. Amepunja mizani dukani. Ana kinyongo na ndugu aliyeketi mstari wa pili, naye anasikia. Akimaliza, wenzake huitikia kwa wimbo wa Kiganda, Tukutendereza, hata kama hakuna Mganda hata mmoja kikaoni. Mambo hayo wao huyaita kutembea nuruni. Wokovu wa mwaka jana haukumwondolea mtu wajibu wa kueleza habari za juzi.

Utaratibu huo uliwagombanisha na wakubwa wa kanisa. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa Uamsho walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda. Kenya mtihani ulikuwa wa damu. Baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952, ndugu wengi Wakikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni, wakisema wameshainywa damu ya Kristo mezani pa Bwana. Lakini wengi wao walikataa pia kubeba bunduki ya serikali. Kwa hiyo kila upande uliwashuku, na baadhi yao waliuawa.

Askofu Festo Kivengere, mtoto wa Uamsho huo, alitoroka Uganda Februari 1977, siku chache baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa. Yeye na mkewe walivuka milima kwa miguu usiku hadi Rwanda. Uhamishoni alikiri kwamba chuki dhidi ya Idi Amin, rais aliyemkimbia, imeanza kumla moyo. Mwaka uleule akatoa kitabu ambacho jina lake linatangaza kwamba anampenda Amin.

Historia hii ina jeraha lake. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari katika nchi ileile ya Gahini, watu waliokimbilia makanisani waliuawa humohumo, na miongoni mwa wauaji walikuwamo waliobatizwa. Mtu anayesimulia Uamsho wa Rwanda hawezi kuupita mwaka huo kimyakimya.

Siku hizi mlokole ni karibu kila Mkristo anayesema ameokoka, na “Bwana asifiwe”, salamu iliyoenezwa na ndugu hao, hata mwanasiasa huanzia nayo jukwaani. Kwenye ushirika salamu hiyo haijawahi kutosha. Aliyesimama akishaitikiwa, wenzake hubaki wamemkazia macho, wakingoja habari za wiki yake.