Mafuta ya moo yaa na makaa ya sigiri zetu

Wandugu, hapa Kalerwe ngozi ikikauka na kuwasha, wapo kati yetu wanaopaka moo yaa, mafuta ya mti wa shea kutoka kaskazini mwa Uganda. Yanalainisha ngozi kweli. Lakini upele hayaponyi: kama nyumba nzima inajikuna usiku, twende kituo cha afya.

Historia yake inafanana na yetu. Tangu enzi za mababu, wanawake wa Kiacholi na Kilango wanaokota kokwa, wanazikausha, wanazikaanga, wanazisaga, halafu wanazichemsha mpaka mafuta yaelee. Vita vilivyoanza miaka ya 1980 vikawatoa watu zaidi ya milioni 1 majumbani, wakaishi kambini. Miti ikabaki bila wenyewe.

Amani iliporudi, ikaja misumeno. Mti uliongojewa miaka mingi ndio uzae ukageuzwa makaa kwa siku chache, yakaletwa mjini. Mei 2023 Rais Museveni akapiga marufuku biashara hiyo kaskazini.

Sisi tunajua uchungu wa kuacha shamba nyuma. Basi tukinunua makaa, tuulize: haya yametoka mti gani?