Maua Marefu ya Asili na Maji ya Uwanda wa Makonde

Inapotajwa sanaa ya Wamakonde, fikra za wengi hukimbilia vinyago na ngoma ya sindimba. Bustani haitajwi. Hata hivyo bustani nayo ni sehemu ya utamaduni, kwani huonyesha jinsi watu wanavyopatana na ardhi na maji yao. Katika insha hii tutaizungumzia mimea mirefu ya maua iliyo ya asili ya nchi yetu, na sababu za kuipa nafasi mbele ya nyumba na shule za Masasi na Newala.

Historia ya bustani huku haitengani na historia ya maji. Newala iko juu ya uwanda. Masasi iko chini yake, upande wa magharibi, katikati ya vilima vya mawe. Mvua huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei. Juu ya uwanda udongo ni wa kichanga, hivyo maji huzama upesi. Mito haipo, na chemchemi hutokeza chini, kwenye miteremko na mabonde. Mjerumani Karl Weule, aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, alikuta watu wa uwandani wakiishi mbali na maji. Kwa vizazi vingi akina mama waliteremka bondeni na kupanda tena na mitungi kichwani. Mitambo ya kupandisha maji ilianza katika miaka ya 1950, na katika miaka ya 1970 kazi ya maji vijijini iliendelezwa kwa msaada wa Finland.

Utawala wa kigeni ulikuja na mtindo wake wa bustani: vitalu vilivyonyooka, vyenye waridi na maua mengine ya ugenini yanayotaka kumwagiliwa kiangazi chote. Mtindo huo tuliurithi bila kuuliza swali moja: ni kichwa cha nani kitakachobeba maji hayo?

Mimea yetu ya asili ilikwisha kulijibu swali hilo. Tuchukue mifano miwili. Wa kwanza ni gladioli wa porini, ambaye wataalamu humwita Gladiolus dalenii. Huota katika mbuga na misitu ya miombo, majani yake yamechongoka kama panga, na bua lake, lenye maua mekundu au ya manjano, huweza kupita mita moja. Wa pili ni Gloriosa superba, mmea utambaao juu ya vichaka kwa ncha za majani yake, ukafungua maua yenye rangi za moto. Yote miwili ni mimea ya kudumu. Wakati wa masika hunywa maji, hukua juani na kuchanua. Wakati wa kiangazi majani hukauka, na uhai hujificha ardhini katika tunguu au kiazi hadi mvua irudi. Haidai hata kata moja ya maji ya kubebwa.

Wengine waliiona thamani hiyo mapema. Gladioli huyu alipelekwa Ulaya kutoka kusini mwa Afrika mwanzoni mwa karne ya 19. Wakulima wa Ubelgiji walimchanganya na jamaa zake, na mwaka 1841 chotara mashuhuri aliuzwa kutoka mji wa Ghent. Kwa hiyo gladioli wanaouzwa madukani leo wana damu ya ua ambalo sisi hulipalilia kama gugu. Wahenga hawakukosea waliposema: mwacha asili ni mtumwa.

Shule inaweza kuanza kwa kitalu kidogo. Pachaguliwe mahali penye jua, ambapo maji ya mvua kutoka paani hupita bila kutuama. Matunguu yafukiwe kabla ya masika, kina cha kiganja kimoja. Maua yakiisha, majani yasikatwe yangali mabichi, kwani ndiyo yanayolisha tunguu kwa ajili ya mwaka ujao. Mbegu zikusanywe porini kwa kiasi. Mmea using'olewe ukaachwa pakavu. Tahadhari moja ni lazima: Gloriosa ni sumu kali, hasa kiazi chake, na hukifanana na kiazi cha kuliwa. Usipandwe penye watoto wadogo, wala karibu na mihogo na viazi.

Jambo hili si la mapambo matupu. Kila kichaka kinachofyekwa kwa ajili ya shamba huondoka na mbegu zake. Taifa letu lilionyesha njia mwaka 2005 lilipoifanya Kitulo kuwa hifadhi kwa ajili ya maua yake. Lakini Newala na Masasi haziwezi kungoja hifadhi. Mwalimu na wanafunzi wake wakipanda matunguu kumi, watakuwa wamehifadhi sehemu ya nchi yao, na mama hatapandisha mtungi kwa ajili ya ua.