Paka wa ghala na stesheni: historia ya paka wa nje mjini Manyoni

Manyoni, katikati ya Tanzania, kama miji mingi iliyoota kando ya Reli ya Kati, ina paka ambao ni wa mahali kuliko kuwa wa mtu: wa sokoni, wa bucha, wa stoo ya mahindi, wa banda la mama lishe. Wanaowalisha huwajua kwa rangi na tabia, lakini hawawachukui nyumbani. Anayeona hapo kutojali tu hajatazama nyuma vya kutosha. Katika nyanda hizi hiyo ndiyo namna ya zamani ya kuishi na paka. Paka wa sebuleni ndiye mgeni.

Kabla ya reli, Ugogo, yaani nchi ya Wagogo ambamo Manyoni imo, ulikuwa njia ya misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na wote walikutana na watemi waliotoza hongo, yaani ushuru wa kupita. Magharibi yake lilikuwapo pori kavu la Mgunda Mkali, ambalo wapagazi hawakuthubutu kuliingia bila akiba ya chakula. Kwa hiyo mtama na uwele vilikuwa mali kwa mkulima na kwa mpita njia. Nafaka hiyo ilihifadhiwa katika vilindo, mapipa makubwa ya magome ya miti, ndani ya tembe. Tembe ni nyumba ya udongo, ndefu na ya chini, inayozunguka uwanja wa ng'ombe. Paa lake ni bapa: nguzo, fito, majani, kisha udongo juu. Katikati ya fito na udongo panya hupata barabara inayozunguka nyumba nzima, na kishindo chao husikika usiku kucha juu ya vichwa vya waliolala. Nyumba ya namna hiyo inamfaa paka anayeingia na kutoka apendavyo. Kumfungia ndani ni kumwondolea kazi.

Kazi hiyo ni ya tangu mwanzo: paka wa kufugwa ametokana na paka pori wa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Yapata miaka 10,000 iliyopita alianza kusogelea maghala ya wakulima wa kwanza kwa sababu ya panya, na hakuna aliyelazimika kumtega.

Reli ndiyo iliyoongeza maghala Manyoni. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ilipita kaskazini ya Kilimatinde, penye boma lao la kijeshi, na shughuli zikahamia taratibu kwenye njia ya treni. Miaka ya 1930 Waingereza walijenga tawi kutoka Manyoni kuelekea Singida na Kinyangiri, wakaling'oa katika muongo uliofuata. Tawi la sasa la Singida lilijengwa baada ya Uhuru. Njia panda ya reli maana yake ni magunia yanayongoja behewa, na gunia linalongoja halikosi panya.

Thamani ya gunia hilo ilikuwa imeandikwa kwa uchungu. Kati ya 1917 na 1920 Ugogo ulipatwa na njaa ya Mtunya, baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kuchukua mifugo, nafaka na vijana, kisha mvua zikakosa. Mvua za hapa ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na kinachovunwa hutakiwa kufika mwaka wa pili. Hata leo panya shamba, ambaye huzaana kupita kiasi baada ya mvua nzuri, anakadiriwa kuharibu kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi ya nchi kwa mwaka wa kawaida.

Lakini kuna sababu nyingine iliyomfanya paka abaki nje, nayo inahusu watu zaidi kuliko panya. Mji wa stesheni ni mji wa watu wa uhamisho: mafundi wa reli, walimu, polisi, makarani. Wanakaa kota au chumba cha kupanga chenye uwanja mmoja na majirani watano, na barua ya kuhamia Kigoma ikija, paka hapandi treni. Hubaki kwenye eneo lake, na mpangaji mpya humrithi pamoja na ufunguo. Mlinzi wa ghala, ambaye hukesha naye, mara nyingi ndiye mlezi wa kudumu kuliko wote. Kwa familia za Kiislamu yapo pia mafundisho yanayojulikana sana: mate ya paka si najisi, na mwanamke aliyemfunga paka mpaka akafa njaa aliadhibiwa.

Ulezi wenyewe ni mdogo lakini una kanuni zake. Chakula hutolewa mahali pamoja na saa ileile, jioni mapema, na masalia huondolewa, la sivyo panya ndio watakaonenepa. Ugali mkavu haumtoshi. Huhitaji dagaa wasio na chumvi, vichwa vya samaki au utumbo kutoka buchani. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa. Kiangazi maji ni muhimu kuliko chakula. Mwezi Juni na Julai, kwa kuwa mji uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, usiku huwa na baridi kali, na boksi lenye gunia kuukuu linatosha. Hatari kubwa ni sumu ya panya: panya aliyeila huzubaa siku kadhaa kabla ya kufa, na paka humkamata kirahisi.

Kichaa cha mbwa humpata paka pia, hivyo chanjo haiwahusu mbwa peke yao. Ulinzi wa kisheria nao upo: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama. Italia ilikwenda mbali zaidi mwaka 1991, ilipowatambua kisheria paka wanaoishi huru kwa makundi na kuamuru wahasiwe na kurudishwa walikotoka. Utaratibu huo wa kukamata, kuhasi na kurudisha, kwa kawaida pamoja na kukata ncha ya sikio ili aliyehasiwa ajulikane kwa mbali, unafanyika pia Afrika Mashariki, zaidi katika miji mikubwa na ya pwani.

Manyoni ina sababu ya ziada ya kuuhitaji. Wilaya ina mapori ya akiba ya Muhesi, Kizigo na Rungwa, ambako paka pori bado anaishi. Paka shume wa mjini huzaa naye bila kizuizi cha maumbile, na watoto wao nao huzaa. Kwingineko, kwa mfano Scotland, mchanganyiko huo umekaribia kumfuta paka pori asilia.