Nani Aliua Trekta?

Hesabu ya Kongwa ya mwaka 1947 ni nyepesi kuisoma, nzito kuimeza. Waingereza walipanga kufyeka na kuandaa ekari 150,000 kwa ajili ya karanga katika mwaka huo wa kwanza. Walizofanikiwa kuziandaa zilikuwa kama 7,500. Kabla mwaka haujaisha, karibu theluthi mbili ya matrekta waliyoyaleta yalikuwa yamesimama, hayafanyi kazi.

Wanafunzi wa Tanzania tunakutana na Mpango wa Karanga tangu sekondari. Tunaandika kwenye madaftari kwamba ulishindwa kwa sababu ya ukame, udongo mgumu na vichaka. Nilipofika shahada ya uzamili na kuanza kusoma masimulizi marefu ya mpango huo, nilikutana na sababu nyingine ambayo daftari langu la sekondari halikuwa nayo: madereva. Inasemwa kwamba Waafrika waliopewa usukani baada ya mafunzo mafupi ndio walioyaharibu matrekta. Wengine wanaliandika hilo kwa huruma, wengine kwa kejeli, kisha wanaendelea na habari za pauni na mawaziri. Ni wachache wanaosimama kuuliza kama ni kweli, na kama ni kweli, kwa kiasi gani.

Ninataka kuuliza. Njia ya kuuliza nimeipata kwa fundi mmoja wa Chanika, lakini kwanza tupitie habari yenyewe.

Vita Kuu ya Pili iliiacha Uingereza ikiwa na njaa ya mafuta ya kula. Wananchi wake walikuwa bado wanapimiwa chakula kwa mgawo. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, alitoa wazo: karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine, kwa eneo ambalo Afrika haijawahi kuliona. Serikali ilimtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, aje na wenzake wawili kuchunguza. Walizunguka kwa wiki 9, sehemu kubwa ya safari wakiwa ndani ya ndege. Walirudi na mpango wa zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 25 hivi. Waziri wa Chakula, John Strachey, aliutetea kwa nguvu zake zote.

Mahali pa kuanzia palikuwa Kongwa, katika nchi ya Wagogo, mashariki ya Dodoma.

Matrekta yakatafutwa. Viwanda vya Ulaya na Marekani vilikuwa na foleni ya wateja, kwa hiyo wanunuzi walikwenda kwenye maghala ya vita. Matrekta mengi na mabuldoza yalitoka kwenye mabaki ya jeshi la Marekani huko Ufilipino. Kampuni ya Vickers nayo ilichukua vifaru vya Sherman, ikavivua silaha na kuvigeuza kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Mizigo hiyo ilishushwa bandari ya Dar es Salaam, bandari ndogo iliyokuwa imeelemewa. Mwezi Septemba 1947 makuli wake waligoma wakidai maslahi, na mgomo ukaenea kufuata reli ya kati hadi bara. Kutoka bandarini mashine zilipanda treni, zikapita milima ya Pugu na kuelekea Dodoma.

Kutoka Pugu hadi Chanika ni safari fupi ya daladala. Huko ndiko anakoishi mjomba wangu, aliyetumia sehemu ya kiinua mgongo chake kununua trekta dogo la kukatia majani, lile ambalo dereva anakaa juu yake na visu vinazunguka chini ya tumbo. Alilinunua mtumba kwenye yadi moja mjini, likiwa na rangi mpya inayong'aa. Biashara ilikuwa nzuri: viwanja vya mpira vya shule, maeneo ya makanisa, nyumba za watu waliojenga kwenye viwanja vikubwa. Kijana mmoja wa mtaani ndiye aliyekuwa dereva.

Baada ya miezi michache injini ikakosa nguvu. Ikikaa bila mzigo ilinguruma vizuri. Visu vikishushwa kwenye majani mabichi, ilizama, ikakohoa, wakati mwingine ikazimika. Mjomba hakuhitaji uchunguzi. Alishaamua kwamba kijana ameiua kwa kuikimbiza, na kwamba atakatwa mshahara wa miezi 2. Kijana alisimama pembeni akiwa amekunja mikono, hasemi kitu. Mtu wa umri wake habishani na mzee wa umri wa mjomba.

Fundi alipofika, mjomba alianza kumsimulia makosa ya dereva. Fundi alimsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza, kisha akasema, "Shikamoo tena, mzee. Nimekuelewa. Ila usimkate kijana hela kwanza, tuiulize mashine."

Aliiuliza kwa mpangilio. Alianza na vitu rahisi vilivyo nje, ambavyo havihitaji kufungua injini. Alilegeza kifuniko cha tenki wakati injini inafanya kazi, maana kitundu cha kupitishia hewa kwenye kifuniko kikiziba, petroli haishuki vizuri. Hakuna mabadiliko. Alimwaga petroli kidogo kwenye chupa ya maji na kuiacha itulie, aone kama ina maji au imechakachuliwa. Ilikuwa safi. Alitoa plagi, akaikuta nyeusi na yenye unyevu wa oili. Aliisafisha, akaijaribu, cheche ikaruka vizuri. Aliilaza mashine upande na kukagua visu na mkanda: huenda injini ni nzima lakini mzigo umezidi, kwa visu butu au majani yaliyogandamana chini. Visu vilikuwa vikali. Alichungulia sailensa, kwa sababu nyigu hupenda kujenga humo na moshi ukakosa njia. Hamkuwa na kitu.

Kila alipomaliza jambo alilitaja kwa sauti, kama karani anayefuta jina kwenye orodha. Mjomba alianza kunyamaza.

Ndipo akafika kwenye mgandamizo. Injini ya petroli hupata nguvu pale pistoni inapopanda na kuubana mchanganyiko wa hewa na mafuta kabla cheche haijaulipua. Ukivuja, mlipuko unakuwa dhaifu. Fundi alifunga geji kwenye tundu la plagi, akazungusha injini. Mshale ulipanda kidogo ukakwama. Kisha akamimina kijiko kimoja cha oili ndani ya silinda na kupima tena. Mshale ukapanda juu zaidi. "Ni ringi," alisema. Alitueleza: oili huziba kwa muda nafasi kati ya ringi na ukuta wa silinda. Kama tatizo lingekuwa kwenye valvu au gasketi, oili isingesaidia.

Alipofungua, ukuta wa silinda ulikuwa na mikwaruzo ya wima, kama mtu aliyepitisha msasa. Hiyo ni kazi ya vumbi. Lakini filta ya hewa ilikuwa safi, na kijana aliapa kwamba anaikung'uta kila Jumamosi. Vumbi lilipita wapi? Fundi aliufuata mpira unaotoka kwenye filta kwenda kwenye kabureta, akapata ufa uliozibwa kwa gundi, na gundi ikiwa imepasuka. Hewa ilikuwa ikiingia pale na vumbi lake bila kuchujwa. Mjomba akamgeukia kijana. Fundi akamshika mkono kwa upole na kumwonyesha kwa ncha ya bisibisi: juu ya ile gundi kulikuwa na rangi. Ile ile rangi mpya inayong'aa. Aliyeziba aliziba kabla trekta halijapakwa rangi, na rangi ilipakwa kabla mjomba hajalinunua.

Silinda ilikwenda Gerezani kuchongwa, ikafungwa pistoni na ringi za saizi ya juu, na mpira mpya. Kijana hakukatwa kitu. Nilichobaki nacho mimi ni ule mpangilio wa maswali: mafuta, moto, mzigo, hewa, mgandamizo, na mwisho historia ya mashine kabla haijakufikia. Swali la dereva halikufutwa. Liliwekwa mahali pake kwenye foleni.

Sasa tuyapeleke maswali hayo Kongwa.

Tuanze na mzigo. Matrekta yaliyotakiwa kulima yalikutana kwanza na kichaka kilichosokotana na mibuyu yenye mizizi mipana. Mashine za kusukuma udongo zilipewa kazi ya kung'oa msitu. Udongo wenyewe ulikuwa wa mfinyanzi, ambao kiangazi hukauka na kuwa kama saruji. Kuvuta jembe katika ardhi hiyo ni mzigo ambao injini haikupimiwa. Ukubwa wake haukuamuliwa na dereva. Ulikuwa umeandikwa kwenye shabaha ya ekari 150,000, na shabaha iliandikwa London.

Twende kwenye hewa na vumbi. Udongo wa Kongwa ulichanganyika na chembe kali za mawe aina ya kwatzi, ambazo zilikula makali ya majembe na meno ya mabuldoza kwa kasi iliyowashangaza wahandisi. Kitu kinachomaliza chuma cha jembe kwa nje, kikivutwa ndani ya silinda pamoja na hewa, kinafanya kazi ile ile niliyoiona Chanika. Wagogo walioishi hapo waliijua ardhi hiyo na uchache wa mvua zake. Walilima na kufuga kwa kadiri yake. Wiki 9 za uchunguzi, nyingi zikiwa angani, hazikutosha kuupata ujuzi huo.

Kisha vipuri. Matrekta yaliyokusanywa kutoka maghala mbalimbali hayawezi kuazimana vifaa kwa urahisi. Ringi ya kampuni moja haiingii kwenye silinda ya kampuni nyingine, na kipuri kinachosubiri meli kwenye bandari iliyojaa hakimsaidii fundi aliye zaidi ya kilomita 400 bara.

Mwisho, ile rangi juu ya gundi. Mashine za Ufilipino zilikuwa zimeshafanya kazi ya vita kabla hazijaiona Tanganyika. Mgandamizo uliopotea Kongwa ulianza kupotea mbali na Kongwa. Dereva wa Kigogo, Kihehe au Kinyamwezi aliyepanda juu ya trekta hilo alirithi uchovu wake wote siku aliyokabidhiwa ufunguo.

Baada ya hayo ndipo tumfikie dereva. Naam, mafunzo yalikuwa mafupi, na mtu ambaye hajazoea mashine anaweza kuiharibu. Hilo silikatai. Lakini urefu wa mafunzo nao uliamuliwa na mtu. Kumpa mtu usukani kabla hajaiva, kwenye mashine chakavu, katika ardhi ya kwatzi, kisha kumhesabia uharibifu wote, ni kufanya alichofanya mjomba wangu kabla fundi hajafika.

Tofauti ni kwamba Kongwa hakuna aliyemshika mtu mkono na kumwonyesha rangi. Mwaka 1948 kazi ilikabidhiwa shirika la serikali, Overseas Food Corporation. Mwaka 1949 mvua zikakatika. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Kule Uingereza neno "karanga" likawa mzaha wa kisiasa kwa miaka mingi. Mawaziri walijieleza bungeni, na vitabu vikaandikwa, kimojawapo na Alan Wood, aliyekuwa mtu wa habari wa shirika hilo. Katika masimulizi hayo wakubwa wana majina na hoja zao. Madereva ni kundi moja lisilo na jina, ambalo kazi yake katika simulizi ni kuharibu vitu.

Jambo hili lingekuwa la makumbusho kama lingeishia hapo. Mwaka 2009 nchi yetu ilitangaza Kilimo Kwanza, na matrekta madogo ya mkono, pawatila, yakasambazwa wilayani. Yapo yaliyofanya kazi vizuri. Yapo pia yaliyoishia kuegeshwa chini ya miembe, kuku wakitagia kwenye viti vyake. Ukiuliza kwa nini, jibu la haraka ni kwamba wakulima hawakujua kuyatumia. Jibu hilo linaweza kuwa na ukweli ndani yake, kama lilivyokuwa la Kongwa. Ila kabla ya kulipokea kuna ya kuuliza kwanza: ardhi ni ya aina gani, vipuri vinapatikana wapi, fundi wa karibu yuko umbali gani, nani alichagua mashine hii, na ilipokuja ilikuwa na hali gani. Mkulima aulizwe pia, lakini aulizwe akiwa shahidi, maana yeye ndiye aliyekuwa juu ya mashine siku ilipokosa nguvu.