Ufuatiliaji wa neva wakati wa upasuaji wa ugwe mgongo

Ufuatiliaji wa neva wakati wa upasuaji ni utaratibu wa kupima kwa umeme kazi ya ugwe mgongo na neva zake huku mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Lengo lake ni kumwonya daktari mpasuaji kabla madhara hayajawa ya kudumu. Makala hii inahusu sehemu ya chini ya ugwe mgongo, ambako neva za miguu, kibofu cha mkojo na njia ya haja kubwa ziko karibu sana.

Umbile

Ugwe mgongo ni uzi mnene wa neva unaopita ndani ya mfereji wa uti wa mgongo. Kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya 1 au ya 2 ya kiuno. Chini ya hapo hushuka kishada cha neva kinachoitwa mkia wa farasi. Ndani ya kishada hicho mna uzi mwembamba unaoishikilia ncha ya ugwe kwa chini. Kwa kawaida uzi huo hauendeshi kiungo chochote.

Neva za sakramu, hasa jozi ya 2 hadi ya 4, hutawala kibofu na haja kubwa. Mtu aliyeumia neva hizo anaweza kutembea vizuri lakini akashindwa kuzuia mkojo maisha yake yote.

Mahali unapohitajika

Baadhi ya watoto, wakiwemo waliozaliwa na mgongo wazi, hupata tatizo la ugwe kunasa: mtoto anarefuka, lakini ugwe umeshikwa chini na unavutwa. Dalili zake ni mguu kudhoofika, nyayo kupinda, maumivu ya mgongo, au mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani kuanza tena. Matibabu ni kuufungua ugwe, na mara nyingine kuukata ule uzi wa chini. Ufuatiliaji hutumika pia katika kuondoa uvimbe na kunyoosha uti uliopinda.

Mbinu

* Kupima hisia: neva ya kifundo cha mguu husisimuliwa kwa umeme mdogo, na elektrodi za kichwani hupokea ishara inapofika kwenye ubongo. Timu nyingi huchukua tahadhari ishara ikipungua kwa 50% au ikichelewa kwa 10%.
* Kupima mwendo: ubongo husisimuliwa kupitia fuvu, na jibu husomwa kwenye misuli ya miguu na ya njia ya haja kubwa. Kipimo hiki ni cha lazima kwa kuwa njia ya hisia inaweza kubaki salama ilhali ya mwendo imeumia.
* Kusikiliza misuli: sindano nyembamba ndani ya misuli huonyesha neva inapoguswa au kuvutwa.
* Kuuliza kabla ya kukata: mpasuaji hugusa uzi kwa kifaa chenye umeme mdogo. Msuli ukicheza, hapo pana neva na hapakatwi. Kama hakuna msuli unaojibu, ingawa mashine imethibitishwa kuwa inafanya kazi, uzi unaweza kukatwa.

Ishara ikishuka, timu husimamisha kazi, huangalia nyaya, shinikizo la damu, joto la mwili na dawa zilizotolewa, kisha mpasuaji hulegeza au kuondoa alichokuwa akifanya.

Dawa ya usingizi

Dawa za kulegeza misuli huzima majibu ya misuli, hivyo huepukwa baada ya mpira wa kupumulia kuingizwa. Dawa za kuvuta kama halotheni na isoflureni hudhoofisha ishara, kwa hiyo propofoli ya mshipani hupendelewa. Ketamini, dawa inayojulikana sana katika hospitali za wilaya, haidhoofishi ishara kwa kiasi hicho.

Historia

Mwaka 1973 Vauzelle na Stagnara, nchini Ufaransa, walieleza jaribio la kumwamsha mgonjwa katikati ya upasuaji na kumwambia asogeze miguu. Jaribio hilo halihitaji mashine, ila hutoa jibu la dakika ile tu na haliwafai watoto wadogo. Mwaka 1980 Merton na Morton, nchini Uingereza, walionyesha kuwa ubongo unaweza kusisimuliwa kwa umeme bila kufungua fuvu.

Hali kwa wakazi wa Bukoba na Muleba

Mgonjwa wa Muleba huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali kama Rubya, Ndolage au Kagondo. Mjini Bukoba ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Rufaa ya upasuaji wa ugwe humpeleka kwenye hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996. Kwa barabara, wasafiri wa Mwanza walikuwa wakisubiri kivuko kati ya Busisi na Kigongo hadi Juni 2025, daraja lilipofunguliwa.

Mashine ya kufuatilia neva ni ghali na huhitaji mtaalamu wa kuisoma. Pasipo mashine, kinga kubwa ni uchunguzi ulioandikwa vizuri: nguvu ya kila msuli wa mguu kwa kipimo cha 0 hadi 5, hisia ya ngozi kuzunguka makalio, na kiasi cha mkojo unaobaki baada ya kukojoa. Vipimo hivyo vinaweza kuchukuliwa Rubya au Bukoba kabla ya safari, na kurudiwa baada ya upasuaji na kliniki baadaye. Bila kumbukumbu ya kwanza, haijulikani kama udhaifu ulikuwepo au umeletwa na upasuaji.

Mipaka

Ufuatiliaji hauponyi neva iliyokwisha kufa, na mara nyingine hutoa onyo lisilo la kweli. Hauchukui nafasi ya mkono wa mpasuaji mzoefu, wala ya kumfikisha mgonjwa mapema. Mtu anayepoteza ghafla nguvu za miguu, hisia za makalio au uwezo wa kukojoa anatakiwa kufikishwa hospitali siku hiyohiyo.